Gugu Karoti

Fomu inataka idadi kwa mita moja ya mraba.
Naandika: arubaini na moja, karavati la Mkanyageni,
pale malori ya mchanga yanapopunguza mwendo.
Mtendaji: Semhina, fundi sanifu daraja la pili.
Vifaa: glavu jozi moja, ya kushoto imetoboka.

Ling'oeni kabla halijachanua, nawaambia watu.
Likishachanua mmechelewa:
kaua kadogo, keupe, kama chenga za mchele,
na kila chenga ina safari yake.

Mama Kilua wa Ngomeni amelipanga kwenye kopo,
juu ya kitambaa cha kufuma. Mwanawe anaposwa.
"Limependeza, au siyo?"
Nikamuuliza hali ya ng'ombe.
"Maziwa machungu, wiki ya pili sasa. Nilidhani kijicho."
Nikalitoa ua kopeni mbele ya wageni.
Hajanisamehe mpaka leo.

Mkono unaniwasha hadi kiwikoni.
Halmashauri imeleta dawa, lita ishirini, wilaya nzima.
Hesabu pigeni wenyewe.

Na jana, nyuma ya nyumba yangu,
kwenye jiwe ninaposugulia viatu kwa kigunzi,
miche saba.
Barabara iko mbali. Ng'ombe sina.
Nikachuchumaa, nikang'oa sita pamoja na mizizi,
wa saba nikauacha kwanza,
nikaingia ndani kutafuta fomu.

Chanzo cha uenezi, weka alama:
magari, mifugo, maji ya mvua.
Nikachora kisanduku cha nne kwa mkono:
mabuti, meusi, namba tisa.