Mkumbushaji

Kiti changu kiko chini ya miguu ya watawala:
kishimo cha mbao ukingoni mwa jukwaa, kofia ya bati juu,
balbu moja niliyoifunga kitambaa cha buluu,
na daftari lililolowa jasho la vidole kwa miaka kumi na tisa.
Kaunas nzima huona nyuso. Mimi naona viatu.
Malkia huburuta kisigino.
Mwuaji ameazima viatu vya mkwewe, vinambana,
ndiyo maana toba yake huwaliza watu.

Kazi yangu ndogo: mtu akisahau, namkumbusha.
Si kwa sauti. Kwa pumzi,
kama apulizaye chai ya mwenzake.

Mchezo wenyewe mkongwe. Bwana wa ngome amezamishwa kisimani
na ndugu yake wa damu. Mwanawe anajitia wazimu:
anazunguka na ndoo iliyotoboka kitako,
anawamiminia wageni hewa, anawaambia kunyweni,
na jicho lake moja liko macho, kama paka mlangoni pa bucha.
Vaidotas ndiye huucheza wazimu huo.
Kila usiku, sehemu ya nne, hupiga magoti karibu nami:

    Mwaniita mwehu miye, nachota kwa ndoo mbovu,
    Nani humu asinywaye? Maji haya yana kovu,
    Aliyemtosa ndiye anilishaye mabivu.

Baba yake, Justinas, alikuwa fundi saa.
Chumba chake kilitazama kusini, kina jiko la vigae.
Changu kilitazama ukuta.
Usiku alisikiliza redio chini ya blanketi,
nami nikamsikiliza akisikiliza.
Niliandika mistari mitatu tu, kwa penseli. Hata jina sikutia.
Lori lilikuja Februari.
Saa zake ziliendelea kugonga siku nane,
kisha moja moja zikanyamaza,
na ya mwisho ilinyamaza mimi nikiwa nimekwisha kuhamia.

Mtoto alibaki kwa shangazi, ng'ambo ya ngazi.
Nikamlisha matufaha. Niliyaivisha dirishani,
kwenye jua la baba yake.
Nikamfundisha kusoma kwa daftari hili hili.
Siri ya mtungi aijuaye ni kata;
kata ina mpini mrefu, haizami.

Jana, sehemu ya nne, alipiga magoti.
"Aliyemtosa ndiye..."
Akanyamaza.
Ukumbi ukadhani ni wazimu, ukapenda. Mtu akakohoa.
Vaidotas hajasahau neno tangu ana miaka kumi na saba.
Aliinama hata nikaona poda ikipasuka pembeni mwa mdomo,
macho makavu, hayamo mchezoni,
akaningoja
kama mtu angojaye chenji yake dukani.

Mstari niliujua. Ningeusema hata nikiwa maiti.
Ulimi ulikuwa kipande cha sabuni.
Juu yangu malkia akasogeza kisigino.
Nikanong'ona: anilishaye mabivu.
"Sikusikia," akasema, kwa sauti ya mwehu,
na ukumbi ukacheka.
Nikasema tena.
"Tena, mama."
Nikausema kwa sauti yangu mwenyewe, ile ya sokoni,
safu ya mbele ikaisikia, na mwuaji akageuka,
viatu vikimlilia.
Makofi yalikuwa marefu. Sijui walimpigia nani.

Leo asubuhi nimekuta tufaha juu ya daftari.
Bivu, limefutwa, na kikonyo chake.
Hakuna barua.
Sijui kama ni msamaha au ni ile ndoo.
Sijalila. Sijalitupa.
Nimeliweka dirishani, upande wa kusini,
na harufu yake imeanza kujaa chumba kizima.