Ninao

Gander, Newfoundland. Februari,
saa kumi na moja alfajiri kasoro dakika kumi.
Chumba chetu hakina dirisha; theluji tunaijua
kwa viatu vya anayeingia.

Niliingia na vyangu, nikasimama nyuma ya Loretta Pardy,
nikachomeka waya wangu kando ya wake
na kunyamaza. Ndivyo inavyoanza:
dakika za kusikiliza tu,
kama mgeni aliyekuta wenyeji katikati ya maneno
akaizuia hodi yake mdomoni.

Orodha imebandikwa juu ya kioo, plastiki imekunjamana pembe.
Akaisoma kwa kidole, ingawa anaijua
kuliko namba ya simu ya mama yake.
Hewa: mtikisiko mkali juu ya Labrador.
Redio ya pili inakoroma, usiiamini.
Ndege kumi na moja: hii, hizi mbili, ile pale,
na huyu mkaidi anayeomba kupanda tangu saa kumi.
Nikazirudia zote, moja moja,
yeye akitikisa kichwa kwa kila namba.

"Ni zako."
"Ninazo."

Kitabu kinatufundisha hivyo, ninayo, ninazo,
maana ndege ni kitu, ni namba na kimo.
Loretta peke yake husema *ninao*,
kisha hutazama chini kama mtu aliyeteleza ulimi.

Ipo sheria nyingine, vijana tunaiita ya wazee:
aliyekabidhi haondoki.
Akae dakika tano, hata kama Ambrose, mumewe,
yuko nje ndani ya pikapu, injini inanguruma
na dizeli ni ghali.
Akavaa mkono mmoja wa koti, akakaa.

Yule mkaidi akaita tena.
Sauti ya kahawa iliyopoa: chini huku kunatutikisa,
naomba futi elfu thelathini na nane,
nina watu mia mbili na kumi na tatu, wengine wanatapika.
Nikatazama kioo. Juu yake hapakuwa na kitu,
weusi mtupu, ubao uliofutwa.
Kidole changu kikaenda kwenye kitufe.

"Subiri."

Hakupaza sauti.
"Kuna mmoja anashuka kutoka kaskazini. Montreal walinipigia
kabla hujaingia, nikiwa natafuta kalamu.
Nilimkubali kwa mdomo."
Akameza mate.
"Sikumwandika."

Mali bila daftari, walisema wahenga,
huisha bila habari. Hawakuijua mali hii
inayokwenda kilomita kumi na tano kwa dakika
huku imelala, imefunika macho kwa vitambaa vya bure.

"Baki ulipo," nikamwambia mkaidi.
"Nabaki nilipo," akarudia, neno kwa neno, kwa hasira.
Niliipenda hasira ile.
Sekunde arobaini, labda hamsini,
na ukingoni mwa kioo ikachomoza nukta ya kijani,
kimo kilekile nilichokuwa nakaribia kukigawa.

Sikugeuka kumtazama. Shingo ilikataa.
Nilisikia droo, kisha karatasi, kisha kalamu
ambayo sasa ilikuwa imepatikana.

"Hakuna kilichotokea, Loretta."
"Ndicho ninachokiandika."

Chini akaweka jina lake lote, Loretta Agnes Pardy,
herufi kubwa, kama mtoto wa darasa la kwanza.

Huenda Ambrose alipiga honi. Humu honi haifiki.
Nilimpisha wa kaskazini, nikampandisha mkaidi,
akanishukuru bila kujua kwa lipi.

Mlangoni, mkono wa pili wa koti bado ukining'inia,
aligeuka.
"Unao?"
Nikahesabu upya kwa kidole, kutoka mwanzo.
Kumi na mbili.

"Ninao."