Sauti ya Pili

Kariakoo, Mtaa wa Swahili, mwenye duka alicheka:
"Diski tupu? Kaka, hizo bado zinachomwa?"
Akapanda ngazi, akashuka na boksi la vumbi,
akalipuliza, akaniuzia tano kwa bei ya huruma.

Mama, huko Mwakaleli, hana simu ya kuteleza kidole.
Ana deki, ana televisheni yenye kisogo,
ana sola ya kumtosha saa mbili, na miguu
iliyomkatalia harusi ya Asajile.
Basi harusi itamfuata.

Picha moja, sauti tatu: ndivyo nilivyopanga.
Ya kwanza Kiswahili, kama ilivyonaswa ukumbini,
vijiko na vyote, na mshereheshaji
aliyekunywa kabla ya wageni.
Ya tatu Kiswidi, ya watoto wa dada Subilaga,
ambao "mjomba" hulitamka kama jina la dawa.
Dada aliituma kwa simu, vipande vipande,
na nyuma yake kimya cha theluji.

Ya pili ndiyo iliyonitoa jasho.
Kinyakyusa changu ni cha kuombea chumvi.
Nimezaliwa Mabibo; lugha ya mama naisikia
kama redio ya jirani:
najua wanapocheka, sijui kwa nini.

Nikamwendea Anyigulile, mlinzi wa geti la pili,
mwenye tochi, rungu, na Kinyakyusa kisicho na kiraka.
Akaja asubuhi akitoka lindo, koti bado mwilini.
Tukaingia kabatini. Kweli, kabatini,
kati ya mashati na vitenge, godoro mlangoni,
feni tukaizima, maana feni nayo ina lugha yake.
Muuza maji akipita na madumu, tulimsubiri.
Joto likatukalia mapajani kama mtoto wa mgeni.

Asubuhi nne. Mimi namwonyesha midomo, yeye anaijaza.
Akawa bwana harusi, akawa mchungaji,
akawa baba mdogo anayelia mbele ya kipaza sauti.
Kwenye keki, wafadhili walipotajwa
mmoja mmoja, mpaka mwenye viti vya plastiki,
Anyigulile alisema taratibu, alisema sana,
macho hayapo tena kwenye kioo.
Nikadhani wafadhili ni wengi.
Nikapima sekunde: zimetosha. Nikahifadhi.

Kompyuta nayo ilikuwa na yake.
Mara sauti imetangulia midomo,
mara Kiswidi kimeikalia kwaya,
mara luku imekwisha, diski iko asilimia tisini na moja,
ikanifia mkononi, inang'aa, haina kitu.
Ya nne ikakubali. Nikaiandika kwa kalamu nene:
BONYEZA KITUFE CHA SAUTI MARA MOJA TU, MAMA.
Nikaipakia basi la Tukuyu ndani ya kopo la biskuti.

Jumapili akapiga, kwa simu ya kuazima.
Hakuuliza gauni. Hakuuliza ng'ombe.
"Yule kijana wa kwenye keki ni wa nani?"
Yupi, mama?
"Anayesema: mama, usinihesabu na waliopotea.
Bati nililokuahidi bado nalitafuta.
Nalala mchana, ndiyo maana huniota usiku.
Huku keki inakatwa, watu wanapiga makofi."

Nikanyamaza.
Kwenye sauti ya kwanza, dakika hiyo, ni wafadhili tu.
Kwenye ya tatu dada yangu kawatafsiri wote,
kwa uaminifu, hadi mwenye viti.

"Mwambie amesikika," mama akasema.
"Na umuulize kwao ni wapi.
Mimi miguu sina, ila vijana wa hapa wanayo,
na kisahani chenyewe hakina uzito."

Ilikuwa imebaki diski moja.
Saa kumi na mbili jioni nikashuka nayo getini.
Akanimulika usoni, ingawa kulikuwa bado na mwanga.
"Vipi, bosi?"
Nikatafuta kote kinywani, nikapata neno moja
nililo na hakika nalo.
Ndaga, nikamwambia.
Tochi ikazimika.