Misumari Saba

Sisi wa Fuoni Kibondeni mchana hatupo.
Alfajiri mageti ya bati yanalia moja moja,
kila mtu na njia yake ya mjini:
Mcha wa Makunduchi na vespa isiyowaka ila kwa kusukumwa;
Bi Mgeni Faki na ndoo yake ya vitumbua,
mwaka wa kumi na tisa yupo hapa
na akisema "kwetu" bado anamaanisha Konde;
Moinaesha, ambaye babu yake alishuka kutoka Ngazija,
mtoto mkono huu, madaftari ya skuli mkono huu;
Lemayani na shada la ndala begani;
na mimi, ninayekwenda Shangani kupiga pasi mashuka
ya watu nisiowajua majina,
ila najua ubavu wanaolalia.

Nyumba zetu hazijaisha.
Ya Mcha imeota nondo juu, zinamwomba Mungu saruji.
Yangu ina chumba kimoja na choo,
na vyumba viwili vya maneno.

Funguo tunamwachia Lusajo.
Yeye mlinzi wa usiku, anarudi sisi tukitoka.
Ukutani kwake misumari saba,
kila msumari na mlango wake.
Hatukumchagua kwa kumpenda, niseme kweli.
Tulimchagua kwa kuwa mchana yupo.
"Mtu wa Tukuyu," Mcha alisema, "leo hapa, kesho boti."
Nami pesa zangu za kibatini
nilizihesabu nikitoka, nikazihesabu nikirudi.

Masika yale, maji ya Mwanakwerekwe yakapanda barabarani.
Jioni tukasimama upande wa pili, viatu mkononi.
Bi Mgeni akapiga simu. Haikupokelewa.
"Kalala," akasema mmoja.
"Au kahama na vyetu," akasema mwingine,
na hakuna aliyecheka.
Sikusema mimi.
Lakini aliyesema sikumkataza.

Tulifika baada ya Isha, maji magotini.
Milango yote saba wazi.
Umeme hakuna. Nikawasha tochi ya simu,
mkono ukinitetemeka, nikatafuta kilichobaki.

Kilikuwepo chote.
Godoro juu ya boriti. Mchele juu ya kabati.
Cheti changu cha talaka ndani ya mfuko wa plastiki,
kimening'inizwa dirishani kama nguo ya mtoto.
Kwa Mcha, msahafu wa marehemu mama yake
umefungwa taulo safi, umewekwa juu kuliko vyote.
Mcha alitaka kusema neno juu ya udhu,
akalimeza.

Kwa Lusajo godoro lilikuwa linaelea mlangoni.
Sufuria, redio, viatu vya Jumapili, vyote majini.
Mwenyewe hayupo: zamu yake saa moja,
kaenda kulinda hoteli na sare mbichi.
Funguo zetu zimetundikwa, kila moja kwake.

Usiku ule nilihesabu pesa.
Zilitimia.
Nikahesabu tena, sijui nilitaka zipungue ngapi
ili nilale.

Asubuhi alirudi, hakuna aliyehutubia.
Bi Mgeni alimmiminia vitumbua bila kuhesabu.
Lemayani akamletea ndala, zote mbili za kushoto,
tukacheka mpaka tukakaa chini kwenye tope.
Yeye akauliza tu: kwangu maji yalifika wapi?
Nikamwonyesha mstari ukutani.
Nilimwonyesha mstari. Jingine sikuliweza.

Mwezi wa saba alifiwa kwao.
Kabla ya boti akapita kwangu,
akanipa ufunguo wake, umefungwa uzi mwekundu,
wala hakunitazama usoni kunipima.
Nikatafuta pa kuutundika.
Ukuta wangu mzima hauna msumari hata mmoja.
Nilikaa nao kiganjani, umepata joto,
mpaka Mcha alipoleta nyundo.