Jumlisha na Toa

Mama Genovaitė huniita kwa kugonga bomba la joto,
mara tatu, kijiko kwa chuma,
maana simu ni ghali na mimi naishi chini yake tu.
Nikapanda na bisibisi, pamba, na spiriti ya lenzi.
Nje, Anykščiai ilikuwa chini ya theluji,
na mto umeshaganda kingoni.

Bahasha ilitoka Chicago.
Ndani mna diski moja, imeandikwa kwa wino mzito:
*Ubatizo wa Ugnė. Kwa bibi.*
Deki ikaimeza, ikaizungusha, ikakoroma kama mwenye mafua,
kisha kioo chake cha kijani kikatangaza:
HAKUNA DISKI.

"Hakuna vipi? Si nimeishika kwa mkono wangu?"

Nikamweleza kama mafundi tunavyoeleza, yaani vibaya.
Hii imechomwa, mama, haikupigwa chapa kiwandani.
(Imechomwa? Akaitoa, akainusa.)
Ya kiwandani ina vishimo vya kweli;
hii ina madoa juu ya rangi, vivuli vya vishimo,
na jicho la deki yako limezeeka, vivuli halivioni.
Halafu kuna diski za toa na kuna za jumlisha.
Deki yako inapenda jumlisha.
Danguolė ametuma ya toa.

Akacheka kwa pua.
"Toa naijua. Mume, toa. Shamba, toa.
Binti, toa, na tiketi nikamlipia mwenyewe.
Hiyo jumlisha ndiyo sijawahi kuletewa."

Tukaandika barua.
Mwezi ukapita, ikaja ya jumlisha.
Deki ikaandika INASOMA.
INASOMA.
INASOMA.
Chai ikapoa, ikaota utando.

Nikashuka nayo kwangu, kwenye kompyuta, nikaliona kosa:
binti alichoma, akaondoka, hakuifunga.
Diski isiyofungwa ni hadithi isiyo na "basi";
deki ya nyumbani hungoja mwisho,
na mwisho hauji.
Kompyuta yangu inajua kusoma, kuchoma haijui.
Nikamwambia, njoo basi utazame kwangu.
Akakataa.
"Mgeni wangu simpokelei kwa jirani."

Ya tatu ilifika wiki ya Pasaka.
Ya jumlisha. Imefungwa.
Imechomwa polepole, kama nilivyoagiza,
bila karatasi ya kunata mgongoni.
Alikuwa amevaa kitambaa cha kanisani,
ameweka keki mezani, na visahani vitatu.
Sisi tulikuwa wawili.

Picha ikaja. Ikapanda, ikashuka, ikayumba,
nikaipiga runinga kofi la ubavuni, ikatulia.
Padri, beseni, mtoto anayepiga kelele,
Danguolė amenenepa mashavu,
na wote, tangu mshumaa hadi maua,
wa rangi ya jivu.

Nikaanza: unajua, mama, picha ya Amerika
ina mapigo yake, na runinga yetu ina yake,
sasa rangi zinapotea katikati ya...
"Nyamaza, Vidmantai."
Akasogeza kiti hadi magoti yakagusa kioo.
"Macho yake ni ya rangi gani?"

Sikuwa na jibu. Hakuna fundi mwenye jibu hilo.

"Ya babu yake yalikuwa ya kijivu," akasema.
"Runinga haijakosea."

Aliicheki mara nne usiku ule. Nilihesabu kupitia dari:
kila kilio cha ubatizo, kisha kimya,
kisha kilio.

Zile mbili za kwanza hakuzitupa.
Mwezi wa saba amezitundika kwa uzi kwenye mcheri,
bustanini nyuma ya jengo,
ile ya toa juu, ile isiyo na mwisho chini yake,
zinazunguka kwa upepo,
zinarusha vipande vya jua ukutani kwangu.
Kwezi wanakuja kundi zima, wanazitazama,
wanageuza.
Nao wameshindwa kusoma.