Karani wa Mizani

Kazini mimi ni mkali.
Ghala la mawese, Mwandiga, saa moja asubuhi,
madumu yamejipanga, shingo nyekundu kama majogoo,
nami nachutama nisome mshale
usawa wa jicho, si kwa juu-juu.
Siwema wa Ujiji alipochanganya maji kwenye mafuta
nilitia kijiti, nikanusa, nikamwambia mbele za watu:
rudi nalo.
Alinitukana hadi kituo cha bajaji.
Sikujali. Mizani haina shangazi.

Mwezi wa tatu, pale Maweni,
nilipanda mizani nyingine, sasa mimi ndiye dumu.
Kilo tisini na nne na nusu.
Muuguzi Leokadia hakucheka, hakuguna.
Alinipa daftari na jedwali la kalori:
Andika kila kinachopita kinywani.
Sikukatazi kitu. Uandike tu.

Nikaandika.
Jumatatu: ugali wa muhogo, kiasi.
Mgebuka, kipande.
Mawese, kijiko kimoja.
Jumanne: vilevile.
Jumatano: chai.

(Chai ile ilikuwa na maandazi mawili,
ila aliyanunua Bukuru wa stoo,
na cha kupewa, nilijiambia, hakihesabiwi.
Mwiko niliulamba, lakini kuonja si kula.
Ukoko wa wali wa watoto niliumaliza nimesimama,
na aliyesimama hajafika mezani.
Karanga za kwenye pochi nilizitafuna umeme ulipokatika.
Nani alinionya? Nani aliniona?)

Jioni najumlisha: elfu moja na mia mbili.
Hesabu safi, imepigiwa mstari kwa rula.

Wiki sita.
Kilo tisini na tano.

Nikalaumu mizani ya Maweni.
Nikalaumu maji ya ziwa, damu ya ukoo,
shangazi zangu wa Kasulu, wote wapana kama milango ya kanisa.
Nikamlaumu hata Leokadia: jedwali lake
limeandikwa na watu wasioyajua mawese.

Aliyenikamata ni Yolanda, darasa la nne.
Wamefundishwa vipimo vya ujazo.
Alikuja jikoni na kijiko cha dawa ya kikohozi,
akachota maji kutoka kwenye upawa wangu,
ulimi nje, anahesabu.
Mama, kijiko chako kimoja
kina vijiko kumi na viwili.
Kisha akafungua daftari:
Na hapa, "kiasi" ni gramu ngapi?

Sufuria ilikuwa inatokota.
Mafuta yalielea juu ya mchuzi, macho mekundu mengi,
yote yananitazama.
Nilimwambia akaoge.

Usiku niliandika ukurasa mbaya kuliko yote.
Upawa, nikauita upawa.
Maandazi ya Bukuru, mawili, kwa majina yao.
Ukoko. Mwiko. Karanga za gizani.
Elfu mbili, mia saba na themanini.
Nilikuwa nimeshalala nilipokikumbuka
kipande cha muhogo wa kuchoma, pale njia panda ya Gungu.
Nikawasha tochi ya simu, nikakiandika.
Mume wangu akauliza, unamwandikia nani saa hizi?
Nikasema, karani.

Mwalimu wetu wa Kiswahili alituambia
shairi lisilo na mizani ni porojo.
Hili langu silabi zake sikuzihesabu.
Nimechoka kunyoosha mistari
ili jumla ipendeze.
Pale panapozidi, pazidi.

Leo Siwema amerudi na dumu.
Nimechutama. Kijiti. Pua.
Safi.
Nimemwandikia kilo zake zote, na robo ya juu.
Akanitazama kiunoni, bado ana kinyongo kidogo:
Wanasema unajipunguza. Mbona sioni?
Nikamwambia, bado.
Mpaka sasa lililonenepa
ni daftari.