Mti wa Mia Nne na Tatu

Kazi yetu ilikuwa kuhesabu.
Juu kule Amani, Shekiondo na futi kamba,
mimi na kopo la rangi nyekundu:
mvule, mkuyu, mvule, nukta.

Kwenye mti wa mia nne na tatu futi kamba ilikataa.
Gome lilikuwa na kizingiti.

Ndipo tukaona mikuyu imejipanga
kama nyumba za mtaa, baraza kwa baraza,
na kijito kimekata kona kwa adabu
kumpisha mpita njia asiyekuwapo.
Hakuna jiwe. Hakuna msumari.
Waliokaa hapa hawakujenga; walipanda nyumba,
wakangoja vizazi vitatu ndipo wahamie.

Bibi yangu, akikemea watoto wenye pupa:
"Kwemizi mlango haugongwi, humwagiliwa."
Nilidhani ni usemi tu.

Shekiondo akaninyang'anya brashi.
"Andika mia nne na mbili.
Andika kazi imesimamishwa na mvua."
Nikaandika mvua. Jua lilikuwa linawaka.

Tulipoanza kushuka, nyuma yetu,
taratibu, kama anayeogopa kuamsha mtoto,
mtu alirudishia mlango.